Kisiki cha Mtundu Hakijafa

Likizo nilikuwa Sikonge kwa baba mdogo, mkulima wa tumbaku. Bani lake linakula kuni, na kila msimu tunazifuata mbali zaidi. Nikamwambia tupande miti. Akacheka: "Mche hauvuki kiangazi, mwanangu."

Kweli. Miembe ya njia ya misafara ilipandwa, miombo hujiotea. Ukikata mtundu, mizizi inabaki hai, kisiki kinachipua. Kinachoua machipukizi ni kung'oa visiki, mifugo, na moto wa Septemba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa. Basi choma mapema, Mei au Juni, moto upite chini, kisha pumzisha eneo.

Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake. Baba mdogo kaahidi kulipeleka mkutanoni. Wewe je, kwenu mmeshaulizana?