Usimfadhili Tuktuk kama utamkimbia mwezi wa tatu

Ebu nikuulize kitu. Picha ya mwisho ya mbwa aliyeumia uliyoiona kwenye simu, ulifanya nini? Najua. Uliweka kile kikatuni cha kulia, ukaandika "maskini wee", labda ukatuma mia mbili, halafu ukaendelea na maisha yako. Usione haya, wengi wetu tuko hivyo. Hata mimi nilikuwa hivyo hadi nilipokutana na Tuktuk.

Tuktuk ni mbwa wa Likoni, upande wa Mtongwe. Rangi yake ni ya mchanga na sikio moja limechanika. Mwaka jana alikuwa mbwa koko kama wengine, wa kuzurura karibu na steji akisubiri mifupa. Jioni moja tuktuk ikarudi kinyumenyume ikampanda mgongoni. Miguu ya nyuma ikafa pale pale. Watoto wa mtaa ndio waliompa jina, si unajua watoto hawana huruma. Mama mmoja anayeuza viazi karai akamvuta kwa gunia hadi uani kwake, akijua kwamba hatafika asubuhi. Akafika.

Mimi nikapiga picha, nikaandika maneno mawili matatu, nikaunda kikundi cha WhatsApp. Kwa siku nne tukachanga elfu kumi na nane. Daktari wa mifugo akaja. Fundi mmoja wa Magongo, kule Changamwe, akaunda kigari kwa mabomba ya plastiki na magurudumu ya baiskeli ya mtoto. Video ya Tuktuk akikimbia na kigari chake ilitazamwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Kikundi kikafika watu 64.

Mwezi wa tatu, waliokuwa bado wanatuma pesa walikuwa wawili: mimi na yule mama.

Hesabu ambayo hakuna anayeipost

Kumwokoa mbwa ni kazi ya siku moja. Kumtunza ni kazi ya maisha yake yote, na mbwa anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka kumi au zaidi.

Mbwa aliyepooza nyuma mara nyingi hawezi kukojoa mwenyewe. Lazima mtu amshike tumboni na kukamua kibofu kwa mkono, mara tatu au nne kwa siku, kila siku, Idi na Krismasi zikiwemo. Ukisahau, mkojo unakaa, maambukizi yanaingia, figo zinaharibika. Akilala upande mmoja muda mrefu anapata vidonda. Akijiburuta kwenye zege, ngozi ya miguu inachubuka bila yeye kuhisi. Sasa fikiria mama anayeamka saa kumi alfajiri kumenya viazi, kisha aongeze na hayo.

Pesa je? Sisi tunamlisha ugali na dagaa, pamoja na shingo na miguu ya kuku kutoka Kongowea. Ukiongeza dawa, sabuni, matambara na daktari, inakuja kama elfu tano kwa mwezi. Piga mara kumi na mbili: elfu sitini. Piga mara miaka kumi: laki sita. Kwa mbwa mmoja.

Laki sita inatisha. Lakini elfu tano ukiigawanya kwa watu 25, ni mia mbili kila mmoja kwa mwezi. Hiyo si pesa ya kumfilisi mtu, ni bando la intaneti la siku chache. Kinachotushinda ni kuituma mwezi wa nane, wakati Tuktuk hana video mpya na habari yake imeshachosha.

Kwa nini jambo hili linaniuma

Niliacha chuo mwaka wa pili. Kulikuwa na mtu mzima, mtu mwema kabisa, aliyesema atanilipia karo hadi nimalize. Akalipa mihula miwili. Halafu simu ikawa haishikwi. Simlaumu, labda mambo yake yaliharibika. Lakini nakwambia, kufadhiliwa nusu kuna uchungu wake. Kama asingeanza, ningejipanga vingine. Alipoanza, niliacha kibarua nilichokuwa nacho, nikakodi chumba, nikaamini.

Mbwa haelewi karo. Lakini ukimtoa barabarani, ukamzoesha sahani na mkono wa mtu, umemwondolea njia zake za kujitafutia. Huwezi tena kumrudisha stejini na magurudumu yake. Kwa hiyo, kwangu mimi, kufadhili maana yake ni kubaki.

Hili si jambo geni hapa kwetu

Usidhani haya ni mambo ya wazungu tu. Nairobi, kwenye kituo cha Sheldrick, kuna kifaru anaitwa Maxwell. Aliokolewa mwaka 2007 akiwa mtoto, kipofu. Kifaru kipofu hawezi kurudishwa porini, kwa hiyo ikaamuliwa aishi pale pale. Watu wa nchi mbalimbali wanamlea kwa mchango unaoanzia dola 50 kwa mwaka, na hawapewi kifaru wa kupeleka nyumbani. Wanachopata ni habari zake, na kujua kwamba kesho atakula.

Hapa Pwani pia tuna mfano. Lamu kuna kituo cha punda kilichofunguliwa mwaka 1987, mahali pa kutibu punda na kuwapa wazee wao pa kupumzika. Hakuna anayewacheka.

Kwa upande wa mbwa, KSPCA, chama cha kutetea wanyama kilichoanza mwaka 1910 na chenye makao Karen, Nairobi, kimeokoa mbwa kwa zaidi ya karne moja. Na huko Phuket, Thailand, mji wa bahari na watalii kama wetu, Soi Dog ilianza mwaka 2003 na mbwa wa mitaani. Wale walioumia sana au wanaoogopa watu kiasi kwamba hakuna atakayewachukua, wanawekewa wafadhili wa kila mwezi.

Hao wanaoogopa watu nataka tuwazungumzie kidogo. Yule mama ana mbwa wa pili, jike mzee aliyezaliwa jaani. Huyo hashikiki. Anakuja usiku tu, anakula mbali, ukipiga hatua moja anatoweka. Ameshikwa mara moja tu maishani, kwa mtego wa chakula, akafungwa kizazi na kuchanjwa, kisha akaachiliwa. Ukimfadhili huyo usitegemee picha ya kukumbatiana. Mia mbili yako inanunua chakula, chanjo ya kila mwaka na utulivu wa kutozaa. Mbwa jike hubeba mimba kama siku 63 tu na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Huyu mmoja kufungwa ni vijibwa wangapi ambao hawatazaliwa kwenye taka za Mwakirunge?

"Lakini mbwa ni najisi"

Nimelelewa Kisauni, hili nimelisikia tangu nikiwa mdogo, na sitalipuuza. Kwa wanaofuata madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi hapa Pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Sawa. Lakini dini hiyo hiyo inatusimulia kisa cha mtu aliyemwona mbwa akilamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha, na kwa hilo akasamehewa. Na wale vijana waliolala pangoni miaka mingi, mbwa wao alikuwa pale mlangoni.

Tena ukifikiria, kufadhili kunafaa sana mji kama wetu. Hakuna anayekwambia ulete mbwa sebuleni. Unamsaidia ukiwa mbali, bila kugusa mate yake, na udhu wako uko salama.

Wengine wataniuliza, kwani watu wameshiba? Hapana, hawajashiba. Lakini mbwa asiyechanjwa si shida ya mbwa peke yake. Kichaa cha mbwa kinaua takriban watu 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na kama asilimia 40 ya wanaoumwa na mbwa anayeshukiwa ni watoto chini ya miaka 15. Ni mdogo wako anayetumwa dukani jioni. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kenya ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030, na njia yake kuu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Sumu na risasi, dawa ambazo miji yetu mingi imezitumia kwa miaka, hazijamaliza mbwa koko. Wakiuawa hawa, wengine wanahamia pale pale penye taka, na hao wapya hawana chanjo.

(Ukiumwa leo: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali mara moja ukaulizie sindano. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.)

Kabla hujatuma hata shilingi

Matapeli wapo, picha za mbwa zinaibwa kirahisi. Kwa hiyo uliza. Mbwa yuko wapi, naweza kuja kumwona? Daktari wake wa mifugo ni nani, kadi ya chanjo iko wapi? Amefungwa kizazi au amehasiwa? Nani anamhudumia mwenyeji akiugua? Pesa ikizidi, inaenda wapi? Na swali gumu kuliko yote: siku daktari atakaposema anateseka na hana nafuu, nani ataamua alazwe? Mtu anayekwepa swali hilo, mkwepe. Kumtunza mbwa maisha yake yote si kumburuta kwenye maumivu ili sisi tujisikie wema.

Kisha jiulize wewe mwenyewe. Mia mbili kila mwezi utaweza? Kama huwezi, sema hamsini. Kama ni mara moja tu, sema ni mara moja, inunue chanjo, hakuna ubaya. Kama huna kitu, vuka feri, kwa miguu ni bure, ukae na Tuktuk Jumapili moja ili yule mama aende kumwona dadake. Hajalala nje ya nyumba yake tangu gunia lile liingie uani.

Sisi tulivunja kile kikundi cha watu 64. Tukaanza upya na kuuliza kila mmoja swali moja tu: utakuwepo mwaka ujao? Wakabaki 11. Nilipomwambia mama, nilidhani atavunjika moyo. Akapindua viazi kwenye karai, akanijibu, "Mwanangu, hao kumi na moja najua nitawapikia hesabu gani."

Tunahitaji 14 wengine. Hatuna haraka. Fikiria kwanza.