Kompyuta Haioni Ufa Isioambiwa

Februari 7, 2017, zege la mfereji mkuu wa kutolea maji ya ziada katika bwawa la Oroville, California, lilibomoka maji yakiwa yanashuka kwa kasi. Bwawa hilo lenye kimo cha mita 235 ndilo refu kuliko yote Marekani. Siku 5 baadaye, watu wapatao 188,000 waliamriwa kuhama, kwa kuwa njia ya dharura ya kutolea maji nayo ilikuwa ikimomonyoka. Wataalamu huru waliochunguza chanzo walihitimisha mwaka 2018 kwamba yaelekea maji yalipenya kwenye nyufa na viungo vya zege, shinikizo likapanda chini ya sakafu, na bamba likang'oka juu ya mwamba uliochakaa. Leo mifereji ya aina hiyo husanifiwa kwa kuigiza mwendo wa maji ndani ya kompyuta. Kazi hiyo ina thamani kubwa, lakini majibu yake hayafai kuitwa ushahidi mpaka yalinganishwe na maji yenyewe.

Ugumu unatokana na msukosuko. Maji yaendayo kasi huvunjika kuwa mizunguko mikubwa, nayo huzaa midogo zaidi, hadi nguvu inapoishia kuwa joto. Mwaka 1883, huko Manchester, Osborne Reynolds alipitisha rangi ndani ya bomba la kioo akaonyesha jinsi mtiririko mtulivu unavyogeuka kuwa vurugu. Milinganyo ya mwendo huo, iliyopewa majina ya Navier na Stokes, inajulikana tangu karne ya 19. Kinachotushinda ni wingi wa hesabu. Kipimo cha msukosuko, yaani nambari ya Reynolds, kikiongezeka mara 10, kazi ya kukokotoa kila mzunguko huongezeka takriban mara 1,000. Ndiyo maana wahandisi hukokotoa wastani, au mizunguko mikubwa tu, na athari ya ile midogo huikadiria kwa kanuni zilizorekebishwa kwa vipimo vya mitiririko mingine. Kanuni iliyofaa kwenye bomba nyoofu inaweza kupotosha penye kona kali.

Basi tubaki na modeli za maabara? Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah kilijenga modeli ya mfereji wa Oroville kwa kipimo cha 1 kwa 50, ikasaidia ukarabati. Hata hivyo, katika kipimo hicho nambari ya Reynolds hushuka takriban mara 350, na mvutano wa uso wa maji haupungui pamoja na modeli. Hewa haichanganyiki na maji kama inavyochanganyika kwenye mfereji halisi, ilhali hewa hiyo ndiyo hulikinga zege lisiliwe na viputo vya mvuke vinavyopasuka. Hapo kompyuta huziba pengo, kwa sababu inaweza kukokotoa kwa ukubwa kamili.

Wengine watasema kompyuta zenye nguvu zaidi zitamaliza tatizo. Zitapunguza makadirio, ni kweli, lakini programu iliyopewa sakafu laini na nzima itakokotoa vizuri mtiririko juu ya sakafu ambayo haipo. Kwa hiyo, mwenye mamlaka ya kuidhinisha bwawa, liwe Marekani au kwenye Mto Rufiji, asiridhike na picha za rangi zinazovutia. Adai kuona vipimo vya mto, ukaguzi wa mwamba, na tofauti kati ya kilichokokotolewa na kilichopimwa. Wanaoishi chini ya ukuta wa bwawa wana haki hiyo.