Kalamu na Gololi Yake

Kalamu ya shaba ni kazi ambayo karakana ndogo yaiweza. Fundi huchora umbo, hupima mrija wa wino alioununua dukani, huikereza fimbo ya shaba, huitoboa, kisha huikata hesi. Akikosea unene wa unywele mmoja, kifuniko hakifungi, na kazi ya saa nzima hutupwa. Hatumcheki, ndivyo mkono unavyofunzwa.

Ile gololi ya kwenye ncha haitoki kwake. Hata China, iliyouza kalamu ulimwenguni kote, ilinunua ng'ambo chuma cha pua cha ncha hizo, hata kiwanda cha Taiyuan kilipofaulu kukitengeneza mwaka 2016. Basi, wanaomkejeli fundi kwa kununua mrija, wao wamekereza nini?