Kuacha dawa za sonona: Uamuzi usiofaa kufanywa kwa pupa

WATU wengi wanaotumia dawa za kutibu sonona hufikia siku wanapojiuliza watameza vidonge hivyo hadi lini. Aghalabu swali hilo huja mgonjwa anapokuwa amepata nafuu. Usingizi umerudi, chakula kina ladha tena, kazi zinafanyika, na kile kidonge cha kila usiku kimeanza kuonekana kama ukumbusho wa maradhi ambayo mtu angependa kuyasahau.

Wengine hawaulizi. Huacha tu. Pengine pesa zimekwisha, au duka la dawa la hospitali limeishiwa. Pengine jamaa wamesema kwamba hizo ni dawa za wenda wazimu, au mhubiri ametangaza kuwa muumini wake amepona. Hivyo, uamuzi uliostahili kupimwa kwa makini kama ule wa kuanza matibabu hufanywa kwa sadfa, daktari asijue lolote.

Kuacha dawa hizi si kosa, na wako wengi ambao wameziacha salama. Tatizo ni kwamba kuacha huibua maswali mawili yaliyo tofauti kabisa, nayo huchanganywa kila siku. La kwanza ni iwapo ugonjwa utarejea. La pili ni jinsi mwili uliozoea dawa utakavyopokea kuikosa. Anayeshindwa kuyatenganisha huweza kurudia dawa asizozihitaji tena, au, jambo lililo baya zaidi, kupuuza ugonjwa unaomrudia akidhani ni uchovu wa kupita.

Yafaa kwanza kufafanua istilahi. Redio na magazeti yetu hutumia "msongo wa mawazo" kuelezea kila kitu, kuanzia hofu ya mtihani hadi maradhi yanayomfanya mtu ashindwe kuoga wiki nzima. Sonona, ambayo baadhi huiita unyogovu, ni haya ya pili: huzuni au kukosa hamu ya chochote kwa muda usiopungua wiki mbili, pamoja na usingizi kuvurugika, nguvu kuisha, mtu kujiona hana thamani na pengine kutamani kifo. Mkanganyiko huu wa maneno una gharama yake. Aliyeambiwa kuwa alikuwa na mawazo tu huona hana sababu ya kuendelea na dawa pindi mawazo yanapotulia.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake kwa vituo visivyo na madaktari wa magonjwa ya akili, lilishauri kwamba dawa zifikiriwe kusimamishwa baada ya mgonjwa kukaa kati ya miezi 9 na 12 bila dalili, au akiwa na dalili chache mno, huku akitekeleza shughuli zake za kawaida. Muda huo huhesabiwa tangu dalili zilipotoweka, wala si tangu siku ya kidonge cha kwanza. Wengi hukosea hapo.

Kwa aliyeugua mara kadhaa, hesabu ni ngumu zaidi. Mnamo 2021, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wanasayansi wa University College London uliowahusisha wagonjwa 478 nchini Uingereza. Wote walikuwa wametumia dawa kwa muda mrefu au wamewahi kuugua zaidi ya mara moja, na wote walijihisi wazima kiasi cha kufikiria kuacha. Nusu waliendelea na dawa zao. Nusu nyingine walipunguziwa polepole hadi wakawa wanameza vidonge visivyo na dawa yoyote ndani. Hakuna aliyejua yumo katika kundi lipi.

Baada ya wiki 52, asilimia 56 ya walioachishwa walikuwa wameugua tena. Miongoni mwa walioendelea na dawa, idadi hiyo ilikuwa asilimia 39.

Takwimu hizi zinastahili kusomwa pande zote. Zinaonyesha kwamba dawa huwakinga baadhi ya watu: katika kila wagonjwa 100, takriban 17 zaidi waliugua kwa sababu ya kuacha. Lakini zinaonyesha pia kwamba watu 44 kati ya 100 waliacha na hawakuugua mwaka huo, ilhali 39 kati ya 100 waliugua ingawa hawakuwa wameacha. Anayesema kwamba kuacha ni kujiangamiza anatia chumvi, sawa na anayesema kwamba dawa hizi hazina kazi.

Mgonjwa basi atajuaje atakuwa katika kundi lipi? Hakuna kipimo cha damu cha kumwambia. Madaktari hutazama historia. Aliyeugua mara moja tu, baada ya msiba au kufutwa kazi, na akapona kabisa, ana nafasi nzuri. Aliyeugua mara tatu, au aliyewahi kujaribu kujitoa uhai, au ambaye bado hupata siku nyingi za kiza licha ya dawa, anapaswa kusita. Kwake yeye kuendelea kwa miaka ni uamuzi halali kama ulivyo ule wa mgonjwa wa shinikizo la damu, wala hapaswi kuuonea haya.

Wanawake wajawazito ni kundi linalohitaji tahadhari ya pekee, kwani wengi huacha ghafla siku wanayogundua kuwa wana mimba. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2006 katika jarida la JAMA ulifuatilia wajawazito 201 waliokuwa na historia ya sonona. Kati ya walioacha dawa, asilimia 68 waliugua tena, ikilinganishwa na asilimia 26 ya walioendelea. Dawa zina athari zake kwa mimba, ila ugonjwa usiotibiwa pia unazo, na mizani hiyo haiwezi kupimwa na mtu akiwa peke yake chumbani.

Kuhusu swali la pili, la mwili kukosa dawa, ujuzi umebadilika sana katika miaka ya hivi karibuni. Kwa muda mrefu wagonjwa waliambiwa kwamba usumbufu wa kuacha ni mdogo na huisha baada ya wiki moja au mbili. Walioteseka zaidi ya hapo walionekana kuwa wanatia chuku, au wakaambiwa ugonjwa wao umerudi.

Dalili zenyewe zinajulikana vyema: kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, ndoto za ajabu, hasira za ghafla, na hisia kama ya umeme unaopita kichwani mtu anapogeuza macho. Mwaka wa 2024, uchambuzi uliokusanya tafiti 79 na kuchapishwa katika Lancet Psychiatry uligundua kuwa asilimia 31 ya walioacha dawa hizi walipata dalili. Hata hivyo, asilimia 17 ya waliokuwa wakiacha vidonge visivyo na dawa nao walizipata, kwa sababu hofu peke yake inaweza kuuchezea mwili. Dalili kali ziliwapata takriban asilimia 3. Wakosoaji walisema kwamba nyingi za tafiti hizo ziliwahusu watu waliotumia dawa kwa muda mfupi, hivyo waliozitumia kwa miaka mingi huenda wakapata shida zaidi. Hoja hiyo ina uzito.

Sababu ya dalili hizi si uraibu kama wa pombe au heroini, kwani mgonjwa hatamani dawa wala hahitaji kuiongeza kila mara apate raha. Ni mazoea ya ubongo. Dawa nyingi za sonona huzuia visafirishi vinavyofyonza kemikali iitwayo serotonini, na ubongo hujipanga upya kuambatana na hali hiyo. Dawa ikiondolewa kwa kasi, ubongo hauna muda wa kujipanga tena. Ndiyo maana paroksetini na venlafaksini, ambazo hutoka mwilini upesi, husumbua zaidi ya fluoksetini, ambayo mabaki yake hudumu kwa wiki kadhaa.

Kuna hesabu nyingine ambayo wagonjwa wengi hawajawahi kuelezwa. Picha za ubongo zimeonyesha kuwa miligramu 20 za sitalopramu huzuia takriban asilimia 80 ya visafirishi hivyo, na miligramu 10 huzuia takriban asilimia 70. Maana yake ni kwamba mtu akikata kidonge chake katikati, hupoteza sehemu ndogo tu ya nguvu ya dawa. Akiacha ile nusu iliyobaki, huanguka kutoka 70 hadi sufuri kwa siku moja. Mwaka wa 2019, watafiti Mark Horowitz na David Taylor walipendekeza kwamba kadiri kipimo kinavyopungua ndivyo hatua za kukipunguza zinavyopaswa kuwa ndogo zaidi, hata kwa miezi kadhaa. Horowitz amesema hadharani kwamba yeye mwenyewe aliteseka alipojaribu kuacha. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka wa 2022 ulikubali kanuni hiyo.

Nchini Kenya kanuni hiyo hukumbana na kidonge chenyewe. Kukikata nusu au robo kwaweza kufanyika. Zaidi ya hapo ni kubahatisha, na kapsuli za dawa zinazotoka polepole hazifai kusagwa. Baadhi ya wagonjwa hujaribu kumeza leo na kuruka kesho. Kwa dawa zinazotoka mwilini upesi, njia hiyo humfanya mtu aanze kuacha upya kila baada ya siku moja. Ni afadhali kumwomba daktari au mfamasia mpango wa maandishi, hatua kwa hatua, na ruhusa ya kusimama katika hatua moja iwapo mambo yatakuwa magumu.

Kutofautisha usumbufu wa kuacha na ugonjwa unaorejea hutegemea sana kalenda. Usumbufu huanza siku chache baada ya kipimo kupunguzwa, huja na mambo ya mwili ambayo mgonjwa hakuwa nayo awali, na hutulia upesi kipimo kikirudishwa. Sonona hurudi kwa kunyemelea, baada ya wiki au miezi, na hurudi na sura yake ya zamani. Mwenye nyumba moja naye huweza kuiona kabla ya mgonjwa: simu zisizopokelewa, mapazia yasiyofunguliwa, utani uliokoma.

Haya yote hayawahusu wenye ugonjwa wa baipola, ambao hupanda na kushuka baina ya furaha iliyopita kiasi na huzuni. Kwao hatari ya kuacha ni nyingine na kubwa zaidi. Wala hayahusu diazepamu na dawa za jamii yake, ambazo zikiachwa ghafla baada ya matumizi marefu huweza kuleta degedege.

Wako pia wanaotaka kuacha kwa sababu hawajawahi kupona. Malalamiko yao yasibezwe. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao STAR*D, uliochapishwa mwaka wa 2006, ulionyesha kwamba takriban theluthi moja tu ya wagonjwa walipona kabisa kwa dawa ya kwanza. Kwa mtu kama huyu, swali lenye manufaa ni iwapo dawa hii inayomnenepesha, au inayomnyima hamu ya ndoa, inastahili kubadilishwa, kuongezewa tiba ya mazungumzo au kuondolewa kwa mpango. Utafiti wa Uingereza wa mwaka wa 2015 kuhusu watu 424 uligundua kuwa waliofunzwa tiba ya kikundi ya kutuliza na kuyatambua mawazo, huku wakisaidiwa kupunguza dawa, waliugua tena kwa kiwango cha asilimia 44 katika miaka miwili. Walioendelea na dawa walikuwa asilimia 47. Masikitiko ni kwamba tiba hiyo ni adimu katika hospitali zetu za umma, na kidonge hubaki kuwa cha bei nafuu zaidi.

Mgonjwa anayeogopa kumkabili daktari akumbuke kwamba sheria ya afya ya akili iliyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2022 inatambua haki yake ya kushirikishwa katika kupanga matibabu. Woga mwingine nao umepungua. Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa hatia, kinakiuka Katiba. Anayerudiwa na fikra za kifo baada ya kuacha dawa anapaswa kusema siku hiyo hiyo, nyumbani na hospitalini.

Wakati wa kuanza kupunguza nao huchaguliwa. Mwezi wa mazishi, wa kuhama au wa kuachishwa kazi haufai. Na ikiwa ugonjwa utarejea, mlango haujafungwa: katika ule utafiti wa watu 478, asilimia 39 ya walioachishwa walikuwa wamerejelea dawa kwa agizo la daktari kufikia mwisho wa utafiti. Daktari aliyeujua mpango tangu mwanzo huwa na jina la dawa iliyofaulu, na kipimo chake, tayari kwenye faili.