Baiskeli haili mawese

Mwaka 2009 nilirejea Burundi kutoka Ulyankulu, mkoani Tabora, kambi ya wakimbizi nilikozaliwa na kusomea. Nilikuja na vitu viwili vya maana: cheti cha ualimu na baiskeli ya marehemu baba. Cheti kilinipatia kazi ya kufundisha Kiswahili. Baiskeli ikanifundisha mimi.

Mwaka uliofuata, baada ya mvua za masika, gurudumu la mbele lilianza kulia. Grisi sikuwa nayo, na mshahara ulikuwa bado. Jikoni kulikuwa na mawese. Nikafungua gurudumu, nikayapaka kwenye gololi. Sauti ikanyamaza, nikajiona fundi.

Wiki chache baadaye nilikuwa nateremka kutoka Bugarama kwenda Bujumbura, mteremko wa zaidi ya meta 1,000, mpwa wangu amekaa nyuma. Ghafla gurudumu likaanza kusaga na kuyumba. Bahati njema mwendo ulikuwa haujakolea. Tulishuka, tukaikokota.

Fundi alipoifungua alicheka. "Mwalimu, baiskeli haili mawese!" Gololi zilikuwa zimelika, koni ina mashimo, na ndani mna utando unaonata kama gundi.

Ndivyo yalivyo mafuta ya kupikia: yakikaa yanaganda na kushika vumbi. Oili chafu ya gari, tunayoipenda kwa kuwa ni ya bure, haifai pia. Imebeba masizi na chembe za chuma kutoka kwenye injini, tena hutiririka ikatoka nje. Grisi ni mafuta yaliyochanganywa na aina ya sabuni inayoyashikilia kama sifongo lishikavyo maji. Ndiyo maana hubaki pale ulipoipaka.

Ununue ipi? Si lazima ile ghali ya baiskeli za mashindano. Grisi ya lithiamu ya beringi za magari, yenye ugumu wa namba 2, yatosha. Anayevuka maji kila siku atafute ya kalsiamu, huvumilia maji zaidi. Lakini ile ya kalsiamu ya kawaida haihimili joto kali, hivyo isitiwe kwenye breki ya kukanyaga kinyumenyume, ambayo huchemka mteremkoni.

Usipake mpya juu ya ya zamani. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, kisha pakia. Hesabu gololi: kwa baiskeli nyingi ni 10 kila upande wa gurudumu la mbele na 9 la nyuma. Ukikaza koni, gurudumu lizunguke kwa wepesi bila kucheza.

Kijana anayebeba abiria hubeba mtoto wa mwenzake, kama nilivyombeba mpwa wangu. Bei ya grisi kidogo haifiki bei ya gurudumu, sembuse ya mguu.

Kwangu kopo la grisi lina mahali pake sasa, mbali na chupa ya mawese.