Barafu Haifai Kila Sampuli

Mwishoni mwa Septemba 1976, chupa ya chai ya rangi ya bluu iliwasili Antwerp, Ubelgiji, ikiwa imebebwa kama mzigo wa mkononi katika ndege ya abiria kutoka Kinshasa. Ndani yake mlikuwa na vichupa viwili vya damu ya mtawa aliyeugua huko Yambuku, kaskazini mwa Zaire. Kimoja kilikuwa kimepasuka, na damu imechanganyika na maji ya barafu iliyoyeyuka. Kichupa kilichosalia ndicho kilichowawezesha mtafiti Peter Piot na wenzake kupata virusi ambavyo leo tunaviita Ebola. Wengi wakisikia kisa hiki hushtushwa na hatari waliyoponea abiria, na ni haki yao. Mimi hushtushwa pia na kile kichupa kilichopasuka, maana kingepasuka na cha pili, pengine jibu lingechelewa sana. Ufungaji wa sampuli ni sehemu ya kipimo chenyewe.

Ndiyo maana kanuni ya kimataifa inataka tabaka tatu: kichupa kisichovuja, chombo cha pili kisichovuja, kisha boksi gumu la nje. Kati ya kichupa na chombo cha pili huwekwa pamba au kitu kingine cha kufyonza, nayo iwe ya kutosha kunywa majimaji yote, si kulowa tu. Fomu ya mgonjwa hukaa nje ya chombo cha pili, ili kichupa kikivuja jina lake lisifutike.

Lakini boksi zuri haliokoi sampuli iliyotunzwa katika joto lisilo lake, na hapa ndipo mazoea yanapotuponza. Tumezoea kuamini kwamba barafu huhifadhi kila kitu. Makohozi ya mtu anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu yanahitaji ubaridi kweli, nyuzi 2 hadi 8, la sivyo bakteria wengine huzaliana na kuharibu uoteshaji. Maji ya uti wa mgongo yanayopelekwa kuoteshwa ni kinyume chake: kimelea cha homa ya uti wa mgongo hufa upesi kwenye baridi, hivyo kuyatia friji ni kuua ushahidi. Kinyesi cha mgonjwa wa kipindupindu kikitiwa katika kihifadhi cha Cary-Blair hustahimili siku kadhaa bila friji.

Wapo watakaosema haya ni ya hospitali zenye fedha. Uganda imejibu kwa vitendo: waendesha pikipiki waliofunzwa hukusanya sampuli kutoka vituo vya afya na kuzifikisha kwenye maabara. Wengine watasema sampuli ikiharibika itachukuliwa nyingine. Makohozi, sawa, yatapatikana kesho. Ila maji ya uti wa mgongo hutolewa kwa sindano mgongoni mwa mtoto, na kufikia kesho yake ameshaanza antibiotiki. Hata akichomwa tena, huenda kisiote kitu.