Kutafuta Chanzo cha Sauti Mbovu Katika Redio ya Gari

Barabara itokayo Kasulu kwenda Kibondo hupita katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, nchi ya vilima na mabonde. Kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo mwekundu, na magari yaliyoipita yalizoea vumbi na mitikisiko. Redio ya gari la namna hiyo ianzapo kukoroma au kunyamaza, mwenyewe aghalabu huilaumu redio na kununua nyingine. Lakini mara nyingi kosa limo nje yake, na fizikia ya shule ya sekondari yatosha kulifichua.

Antena hupokea mawimbi. Redio huyachagua na kuyakuza. Nyaya hupeleka umeme wa sauti kwenye spika. Nayo spika huugeuza kuwa mitikisiko ya hewa. Betri huiendesha redio. Kanuni ni kupima kila sehemu peke yake.

Ikiwa stesheni ya FM hukoroma bondeni na kusafika gari lipandapo kilimani, hakuna kilichoharibika. Mawimbi ya FM, yenye urefu wa mita 3 hivi, husafiri karibu katika mstari ulionyoka, na kilima huyazuia. Mawimbi ya kati, yenye urefu wa mamia ya mita, hufuata uso wa nchi kwa urahisi zaidi.

Mlio mwembamba unaopanda kila injini inapoongezwa mwendo hutokana na jenereta ya gari, kwa sababu umeme wake una mawimbi madogo yanayofuata mzunguko wa injini. Antena ichomolewe. Mlio ukikoma, ulikuwa ukiingia kwa njia ya antena. Ukiendelea, huingia kwa waya wa umeme au wa ardhi, yaani ule unaofungwa kwenye bodi ya gari.

Waya wa ardhi ndio mahali pa kutazama kwanza, maana kutu na vumbi huongeza ukinzani kwenye kiungo. Mkondo wa ampea 5 ukipita katika ukinzani wa omu 0.2, volti 1 hupotea hapo: 5 × 0.2 = 1. Kiungo kikwanguliwe hadi chuma king'ae, kisha kikazwe.

Sauti ikikatika gari lirukapo shimo, kuna waya uliolegea. Spika moja ikinyamaza, nyaya zake zitolewe kwenye redio, kisha ncha zake ziguswe kwa nukta moja na betri ya tochi ya volti 1.5. Spika nzima hutoa mlio mfupi. Kiwambo kikisogea nje, ncha iliyogusa chanya ya betri ndiyo chanya ya spika. Spika mbili zikiunganishwa kinyume, moja husukuma hewa wakati nyingine ikiivuta, na sauti nzito hufifia.

Fyuzi ikikatika mara kwa mara, ni onyo kwamba mkondo umezidi. Kuiziba kwa waya mnene au karatasi ya pakiti ya sigara huruhusu mkondo huo kuzichemsha nyaya hadi plastiki yake iwake, na gari lenye abiria laweza kuteketea. Kwa hiyo chanzo kitafutwe kwanza, ndipo fyuzi mpya ya kipimo kilekile itiwe.